Tuijue Dunia: Katanning, Mji wa Ngano na Kondoo



Ndugu wasomaji, ni desturi ya ukurasa huu kila mwezi kuwachukua wasomaji wake, hali wameketi majumbani mwao, na kuwatembeza katika nchi mojawapo ya ulimwengu. Safari hii twaelekea mbali. Twaivuka Bahari ya Hindi, bahari hii hii ipigayo mwambao wetu, na ng'ambo yake twashukia Australia ya Magharibi, katika mji mdogo wa wakulima uitwao Katanning.

Huenda msomaji akauliza: Kuna nini huko hata tukajisumbue? Mji wenyewe una watu kiasi cha elfu nne tu. Haukupiganiwa vita mashuhuri, wala hakuzaliwa mfalme humo. Jawabu letu ni kwamba katika mji huo, uliozungukwa na mashamba ya ngano pande zote, pana msikiti. Na wengi wa waliouanzisha ni watu wa visiwani, waliozoea minazi na bahari kabla hawajaiona ngano. Kisa cha kufika kwao, pamoja na kisa cha wale waliokuwako kabla yao, kina mambo ambayo sisi na vijana wetu tungefaidika kuyajua.

Katanning iko kusini-mashariki ya Perth, mji mkuu wa jimbo, mwendo wa kiasi cha kilomita 280. Nchi yake ni tambarare yenye mawimbi madogo madogo, na mvua yake hunyesha wakati wa kipupwe, yaani tangu Mei hata Oktoba. Ndiyo miezi ya baridi huko, kwa kuwa wao wako kusini sana ya mstari wa Ikweta, na asubuhi nyingine sakitu hulala juu ya majani kama unga uliomwagwa. Mvua ikikoma ngano hukauka na kuwa rangi ya dhahabu, na mwisho wa mwaka mashine za kuvunia hupita mashambani. Kondoo wa huko ni wa namna ya merino, kondoo wenye sufu laini sana, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo fahari ya Australia nzima.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo ni kabila la Noongar, waliokaa kusini-magharibi ya Australia kwa maelfu mengi ya miaka. Walizijua chemchemi zake na majira yake, na mwaka wao waliugawa si katika majira manne bali sita. Wazungu walipita hapo mara ya kwanza mwaka 1835, gavana James Stirling na mpimaji wake John Septimus Roe walipokuwa katika safari ya kukagua nchi. Baada yao walikuja wakataji wa msandali, kwa ajili ya biashara ya udi na ubani wa China, kisha wachungaji wenye makundi yao. Lakini mji haukuwako mpaka ilipokuja reli.

Reli hiyo, iliyounganisha Beverley na bandari ya Albany, ilikamilika mwaka 1889. Wakati ule alikuwako mtu aitwaye Frederick Henry Piesse, mfanyabiashara aliyewauzia wajenzi wa reli mahitaji yao. Alipoona pahala ambapo reli itapita, yeye na nduguye Charles walinunua ardhi, wakafungua duka, na mwaka 1891 wakasimamisha kinu kikubwa cha kusaga unga. Kinu kile ndicho kilichoufanya mji kuwa mji. Maana mkulima halimi ngano ya kuuza kama hana pa kuisaga wala njia ya kuisafirisha, na sasa vyote viwili vilikuwako. Mitambo yake ilitoa na umeme wa kuwashia taa, katika zama ambazo miji mingi mikubwa kuliko huo ilikuwa bado yamulikwa kwa mafuta. Piesse alipanda mizabibu na matunda, akawa mbunge, kisha waziri wa kazi za ujenzi na reli. Alifariki mwaka 1912, na mwaka 1916 wenyeji wakamsimamishia sanamu karibu na reli ile ile.

Hayo ndiyo yaandikwayo kwa herufi kubwa. Lakini yapo na mengine, na hatupendi kuyaficha.

Ardhi ile aliyonunua Piesse haikuwa tupu. Kwa kadiri mashamba yalivyozidi kupimwa na nyua kujengwa, ndivyo Wanoongar walivyozidi kusukumwa, mpaka wakawa wakaao kambini pembezoni mwa mji katika nchi ya baba zao. Sheria ya mwaka 1905 iliwafanya watoto wao kuwa chini ya amri ya ofisa wa serikali, na si ya wazazi wao. Wazazi wa Kizungu wa Katanning hawakutaka watoto wao waketi darasa moja na watoto hao. Na mwaka 1915 serikali ikaanzisha kambi ya Carrolup, magharibi ya mji, wakahamishiwa huko. Kambi ilifungwa mwaka 1922, ikafunguliwa tena mwaka 1940, na humo wakakusanywa watoto wengi waliotengwa na mama zao.

Mwaka 1946 alifika Carrolup mwalimu mmoja, Noel White, pamoja na mkewe. Aliwakuta watoto hawana vitabu wala raha; naye akawa akiwatoa nje kutembea porini, kisha akawapa karatasi na chaki za rangi, akawaambia wachore waliyoyaona. Watoto wale walichora miti myeusi mbele ya mbingu nyekundu ya magharibi, na kangaruu wakikimbia, na moto wa jioni. Wakachora kwa namna iliyowashangaza wote walioona. Mama mmoja Mwingereza, Florence Rutter, aliizuru kambi hiyo mwaka 1949, akazichukua picha nyingi na kuzionyesha Ulaya. Baadaye hakujaliwa uwezo, akaziuza kwa tajiri mmoja wa Marekani, naye akazitoa zawadi kwa chuo cha Colgate huko New York mwaka 1966. Huko zikasahauliwa kwa muda wa miaka karibu arubaini, mpaka mtaalamu mmoja wa Australia alipozikuta mwaka 2004. Mwaka 2013 zikarudishwa kwao, na leo zatunzwa na Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth. Walimu wa Carrolup walikuwa wamekwisha tawanyika zamani, na wengi wa watoto wale walikuwa wamefariki. Lakini jamaa zao waliziona picha, wakalia.

Sasa na tuwaeleze wale ndugu zetu wa visiwani, na ili kufahamu kuja kwao yatupasa kwanza kusema juu ya mbolea.

Ardhi ya Australia ya Magharibi ni ya kale na imechakaa. Haina rutuba ya kutosha kuotesha ngano mwaka baada ya mwaka. Wakulima waliitegemea mbolea ya fosfeti, na sehemu kubwa ya fosfeti hiyo ilichimbwa katika kisiwa cha Christmas, kilichomo katika Bahari ya Hindi, kusini ya Java. Wachimbaji walikuwa Wachina na Wamalai, na Wamalai hao ni Waislamu. Kwa hiyo, kabla mwana mmoja wa kisiwa kile hajaikanyaga Katanning, jasho lao lilikuwa limekwisha tangulia, limenyunyizwa katika mashamba na kuota ngano.

Mbali zaidi upande wa magharibi viko visiwa vidogo vya Cocos. Watu wa huko walipelekwa kutoka nchi za Malai na kwingineko tangu mwaka 1826, na tajiri aitwaye Alexander Hare. Baada yake visiwa vikawa milki ya ukoo wa Clunies-Ross, ukoo wa Kiskoti, kwa muda wa miaka 150. Kazi yao ilikuwa nazi na mbata. Msomaji wa mwambao huu anaijua kazi hiyo: kuokota, kufua, kupasua na kuanika. Lakini mshahara wao haukuwa fedha; walilipwa vipande vilivyopigwa chapa na bwana mwenyewe, ambavyo havikuweza kununua kitu ila katika duka la bwana huyo huyo. Aliyetoka visiwani hakuruhusiwa kurudi. Pamoja na hayo yote walishika sala yao na saumu yao, wakasomesha watoto wao Kurani, na lugha yao hawakuiacha. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengi waliondoka kwenda Borneo na kisiwa cha Christmas. Serikali ya Australia, iliyopewa Cocos mwaka 1955 na Christmas mwaka 1958, ilinunua sehemu kubwa ya milki ile mwaka 1978. Na mwaka 1984, mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, watu wa Cocos walipiga kura wakachagua kuungana na Australia.

Vijana huenda wakauliza kwa nini watu hawa hawakuhamia bara mapema zaidi, iwapo huko kulikuwa na kazi. Sababu ni kwamba tangu mwaka 1901 Australia ilikuwa na sheria za kuwazuia watu wasio weupe wasiingie kukaa. Walikuwako Waislamu wachache tangu zamani. Wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na Bara Hindi tangu miaka ya 1860, waliobeba mizigo jangwani pasipofika reli, na waliojenga msikiti wa Adelaide mwaka 1888. Lakini mlango ulikuwa umefungwa nyuma yao. Sheria zile zilifutwa kabisa mwaka 1973.

Wakati huo huo nchi za Mashariki ya Kati zilianza kununua nyama nyingi kutoka Australia, nazo hazikutaka ila nyama halali. Machinjio ya Katanning yalikuwa na kondoo wasiohesabika, lakini hayakuwa na Waislamu wa kuwachinja. Hivyo, katikati ya miaka ya 1970, Wamalai wa kisiwa cha Christmas, wengine wao wakiwa na asili ya Cocos, walianza kufika pamoja na jamaa zao. Fikirini hali yao: watu wa jua na maji ya chumvi, katika mji wa baridi ulio mbali na bahari, ambako hawakusikia adhana wala hawakuona mnazi. Kazi ya machinjio ni nzito, huanza alfajiri, na haina sifa mbele za watu. Lakini ilikuwa kazi ya halali kwa maana zote mbili. Na mshahara, kwa mara ya kwanza kwa wengine wao, ulikuwa fedha iwezayo kutumika dukani popote.

Kwanza walisali majumbani. Kisha wakachanga katika mishahara yao, na mwanzo wa miaka ya 1980 wakawa na msikiti. Asaliye humo huelekea magharibi, ng'ambo ya bahari ile ile iliyowaleta. Watoto wao walikwenda katika shule moja na watoto wa wakulima, wakacheza mpira pamoja. Na leo wako wajukuu wa wahamiaji wale ambao hawana kwao pengine ila Katanning. Baadaye wakaja wengine: Wakaren wakimbizi wa Burma na Waafghani waliokimbia vita. Mji ambao wazee wake walikataa watoto wa wenyeji wasiketi pamoja na watoto wao, leo hufanya sherehe ya mapatano ya mataifa, na vyakula vya Kimalai vikapikwa uwanjani, na kila mtu akala. Hatusemi kwamba pana pepo. Twasema kwamba watu wamejifunza ujirani, na ujirani hufunzwa polepole.

Na msafiri atakayefika atazame nini? Kwanza kile kinu cha Piesse, jengo refu la matofali lililosimama bila kazi kwa miaka mingi. Limetengenezwa upya, na tangu 2018 ni hoteli, na mitambo ya zamani imeachwa ndani ili watu waione. Pili ni Kobeelya, nyumba kubwa aliyoijenga Piesse mwaka 1902, ambayo baadaye ilikuwa shule ya wasichana. Tatu ni soko la mnada wa kondoo, lililofunguliwa mwaka 2014 chini ya paa kubwa mno. Siku ya mnada mtu hasikii neno kwa mlio wa kondoo na kelele za madalali. Kwa watoto ipo bustani ya michezo yenye mtelezo mrefu na garimoshi dogo la kupanda. Na upande wa kaskazini-mashariki liko ziwa la Dumbleyung, ambako tarehe 31 Desemba, 1964, Mwingereza Donald Campbell aliendesha mashua yake kwa mwendo wa kilomita 444 kwa saa, akavunja rekodi ya dunia ya mwendo wa majini zikiwa zimebaki saa chache mwaka kwisha.

Lakini ziwa hilo la kupendeza lina habari nyingine, nayo ndiyo tuliyotaka kuifikia. Maji yake ni ya chumvi. Chini ya ardhi ya nchi ile imo chumvi nyingi iliyoletwa na upepo na mvua kutoka baharini kwa maelfu ya miaka. Zamani haikumdhuru mtu, kwa sababu miti ya porini ina mizizi mirefu, ikinywa karibu maji yote ya mvua kabla hayajashuka chini. Wakulima walipoikata miti na kupanda ngano, yenye mizizi mifupi na ikaayo shambani miezi michache tu, maji yaliyobaki yalishuka, yakajaa huko chini, kisha yakaanza kupanda juu na chumvi yake. Yafikapo karibu na uso wa nchi hukausha mimea, na kula hata misingi ya nyumba. Katika Australia ya Magharibi zaidi ya hekta milioni moja za mashamba zimeharibika hivyo, na mji wa Katanning wenyewe umo katika miji iliyotishwa na chumvi. Sasa wakulima wapanda tena miti ile ile ambayo babu zao walilipwa kuikata. Mti hukatwa kwa saa moja. Kumsubiri mwenziwe akue ni kazi ya umri wa mtu.

Sufu nayo ilikuwa na msiba wake. Mwaka 1970 Australia ilikuwa na kondoo karibu milioni 180. Baadaye wakulima wakawekewa bei isiyoshuka, wakaongeza makundi, na sufu isiyo na mnunuzi ikarundikana maghalani; mwezi wa Februari 1991 mpango ule ukaanguka, na kondoo wengi wakapigwa risasi na kufukiwa, kwa kuwa hawakuwa na bei ya kumlipa hata mchukuzi. Na sasa liko jambo jingine linalozungumzwa katika kila nyumba ya mkulima huko. Mwaka 2024 bunge la Australia lilipitisha sheria kwamba kusafirisha kondoo hai kwa meli kutakoma tarehe 1 Mei, 2028. Meli hizo hutoka Fremantle kwenda nchi za Ghuba; na mwaka 2017, katika meli moja, kondoo kiasi cha 2,400 walikufa kwa joto. Wafugaji wengi wameghadhibika kwa kuogopa bei kuanguka. Wengine waona kwamba kondoo achinjwe karibu na alikolishwa, na nyama ndiyo isafiri. Na ikiwa hivyo, machinjio ya Katanning, ambayo leo ni mali ya chama cha ushirika cha wafugaji, yatazidi kuhitaji mikono. Sisi hatuingii katika siasa za watu. Lakini Muislamu aliyefunzwa kunoa kisu chake mbali na macho ya mnyama hawezi kusema kwamba mateso ya mnyama huyo baharini hayamhusu.

Ndugu wasomaji, katika mji mmoja mdogo tumeona mambo matatu. Tumeona watu walionyang'anywa ardhi, na watoto wao wakaacha ushahidi kwa chaki na karatasi. Na mwaka 2021 mapatano makubwa baina ya Wanoongar na serikali ya jimbo yalianza kutumika, ingawa hakuna mapatano yawezayo kumrudishia mama utoto wa mwanawe. Tumeona ardhi iliyochukuliwa mazao yake kwa pupa, ikadai haki yake kwa chumvi. Na tumeona Waislamu wachache, wasio na mali wala elimu kubwa, waliofika ugenini na amana yao moja, wakaitunza kwa kazi ya mikono na kwa kukaa vyema na jirani.

Kijana anayefikiri kwamba dini huhifadhika tu pale palipo na Waislamu wengi, na awakumbuke wachinjaji wa Katanning wakitembea alfajiri juu ya sakitu. Na mzazi anayekata mti wa mwisho shambani mwake apate gunia moja zaidi, naye alikumbuke ziwa la Dumbleyung. Dunia hii tumekabidhiwa, hatukupewa iwe yetu. Na mwenye kukabidhi ataulizia mali yake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi. Mpaka mwezi ujao, inshaallah, tutakapokutana katika nchi nyingine.